Msafiri Atarajie Nini Katika Jangwa la Chalbi?

Vitabu vingi vya jiografia hulieleza jangwa kwa kutaja yale yasiyokuwako: hakuna mvua ya kutosha, hakuna mito ya kudumu, hakuna mashamba, hakuna miji. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo, akijaliwa kwenda jangwani pamoja na mwongozaji, hutarajia kuona utupu, kuupiga picha na kurudi kwao. Aghalabu huyapata hayo hayo aliyoyatarajia, kwa kuwa asiyejua atafutalo halioni hata akilikanyaga. Baadaye husimulia kwamba kulikuwa na joto kali.

Hasara hiyo si ndogo. Safari ya jangwani ni ghali, ni ndefu, na ina hatari zake. Shule ikitumia fedha za wazazi kuwapeleka wanafunzi huko wakaone joto, imenunua kwa bei kubwa kitu ambacho jua hukitoa bure. Rai inayotolewa hapa ni kwamba ziara ya jangwani yapasa kuhesabiwa kuwa darasa la sayansi. Kwamba mwongozaji mwenyeji ndiye mwalimu wa darasa hilo. Na kwamba msafiri ana haki, tena ana wajibu, wa kutaka afundishwe.

Mfano ufaao uko Afrika Mashariki kwenyewe. Jangwa la Chalbi liko kaskazini mwa Kenya, katika Kaunti ya Marsabit, baina ya Mlima Marsabit na Ziwa Turkana. Upande wa kaskazini kuna Vilima vya Huri, na upande wa kusini-magharibi kuna Mlima Kulal, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,200. Tangu barabara ya lami ya Isiolo hadi Moyale ilipokamilishwa katika miaka ya 2010, mwendo wa kilomita 550 hivi kutoka Nairobi hadi mji wa Marsabit umekuwa mwepesi kuliko zamani. Kutoka Marsabit msafiri huiacha lami, akateremka kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr. Hapo ndipo darasa linapoanza.

Sakafu ya ziwa lililokauka

Jambo la kwanza ambalo msafiri atarajie ni kupotewa na picha aliyokuja nayo kichwani. Matangazo ya ziara za jangwani, hasa yale ya nchi za Ghuba, huonyesha matuta marefu ya mchanga na magari yakiyaparamia. Chalbi sivyo ilivyo. Sehemu yake kubwa ni uwanda wa udongo mgumu wa mfinyanzi, uliotandwa chumvi nyeupe. Pembezoni kumetapakaa mawe meusi ya volkano. Matuta ya mchanga ni machache. Mwongozaji mzuri hawaombi wageni radhi kwa jambo hilo. Huwauliza swali: udongo huu laini, uliolala sawasawa kama sakafu ya msikiti, uliletwa na nini?

Jibu ni maji. Baina ya miaka 11,000 na 5,000 hivi iliyopita, sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Afrika ilipata mvua nyingi kuliko leo. Ziwa Turkana lilipanda kwa makumi ya mita hadi likafurika kuelekea bonde la Mto Nile, na katika sehemu ya kipindi hicho Chalbi nayo ilikuwa ziwa. Mwanafunzi akiinama mahali panapofaa ataona makombe ya konokono wa majini ndani ya udongo wa jangwa.

Sababu ya mabadiliko hayo iko mbali na Chalbi. Dunia huyumba polepole katika mhimili wake, mfano wa pia ya mtoto inayokaribia kuchoka, na mzunguko mmoja wa yumbo hilo, ukipimwa kwa athari yake katika tabia ya nchi, huchukua zaidi ya miaka 20,000. Wakati ule, kiangazi cha nusu ya kaskazini ya dunia kiliangukia majira ambayo dunia iko karibu zaidi na jua. Bara likapata joto zaidi, pepo za mvua zikavutwa ndani zaidi, na hata Sahara ikawa na maziwa na mbuga. Yumbo likaendelea, mvua zikapungua, maji yakageuka mvuke, na chumvi isiyoweza kuruka pamoja na mvuke ikabaki chini. Kwa hiyo mtu asimamaye katikati ya Chalbi amesimama juu ya ushahidi kwamba tabia ya nchi hubadilika, na kwamba ikibadilika, ziwa zima linaweza kutoweka. Ushahidi huo unagusa maisha ya kila mwanafunzi wa leo kuliko sura yoyote ya kitabu iliyokaririwa kwa ajili ya mtihani.

Sakafu hiyo hiyo ndiyo mtego. Mvua kubwa ikinyesha milimani, maji huteremka na kuufunika uwanda kwa kina kifupi. Jua hukausha tabaka la juu kwanza, na huenda ganda jeupe likaonekana imara hali chini yake pana tope. Gari zito likilivunja ganda hilo huzama hadi ekseli, na kila dereva anapozidi kukanyaga mafuta ndivyo magurudumu yanavyozidi kuchimba. Mwongozaji mwenyeji hulitambua ganda la hatari kwa rangi yake, kwa sauti yake chini ya unyayo, na kwa kumbukumbu ya mvua ya mwisho. Msafiri atarajie basi kuona gari likisimamishwa mara kwa mara, mwongozaji akishuka na kutembea mbele kwa miguu. Asinung'unike kwamba anacheleweshwa. Hilo ni jaribio la kisayansi, nalo linafanywa na mtu atakayebeba lawama likikosewa.

Kipimajoto badala ya masimulizi

Mji wa Marsabit uko juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, karibu na msitu ambao ukungu huushukia. Chalbi iko kiasi cha mita 400 tu. Katika mteremko huo wa mita 900 hivi mwanafunzi mwenye kipimajoto cha kawaida anaweza kuithibitisha kanuni aliyoisoma darasani: hewa ikishuka hubanwa, na ikibanwa hupata joto. Atarajie tofauti ya digrii 6 hadi 9 za sentigredi kwa sababu ya kimo peke yake. Akipima kila baada ya kilomita kumi, akaandika saa na kimo, atarudi shuleni na mchoro wa grafu uliotokana na mikono yake mwenyewe.

Kanuni hiyo hiyo humweleza kwa nini jangwa liko hapo. Upepo utokao kusini-mashariki, wenye unyevu wa Bahari ya Hindi, ukikutana na Mlima Marsabit hulazimika kupanda, hupoa, na huacha unyevu wake katika msitu. Ukiteremka upande wa pili huwa mkavu. Zaidi ya hayo, kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya pana bonde pana ambalo upepo hubanwa na kwenda kwa kasi. Upepo huo hausaidii mawingu ya mvua kujengeka. Wahandisi wameutumia: karibu na Ziwa Turkana, kusini-magharibi mwa Chalbi, iko mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, iliyounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Jambo moja la maumbile limekuwa msiba wa malisho na neema ya umeme. Mwanafunzi hapaswi kuondoka huko bila kuyaona yote mawili pamoja.

Yamkini pia ataona mazigazi: maji yanayong'aa mbele ya gari, yasiyofikiwa kamwe. Uso wa ardhi ya jangwa unaweza kuzidi digrii 60 wakati wa mchana, na hewa iliyoulalia huwa na joto na wepesi kuliko ile iliyo juu yake. Mwanga utokao mbinguni, ukipita katika hewa hiyo, hupindwa kuelekea juu kabla haujagusa ardhi. Jicho, ambalo hudhani kwamba mwanga husafiri moja kwa moja daima, huiona mbingu kana kwamba iko chini, nayo huidhania kuwa maji. Mtu akiisoma habari hiyo kitabuni huisahau. Akiwa na kiu, maji yakaonekana, kisha yakarudi nyuma kila gari linaposonga mbele, hataisahau.

Hata hivyo si kila kisemwacho juu ya majangwa ni kweli kila mahali. Wanafunzi wengi wamekariri kwamba usiku wa jangwani ni baridi kali. Katika Sahara, na katika majangwa ya nyanda za juu, ni kweli: hewa kavu isiyo na mawingu haina blanketi la mvuke la kulizuia joto la ardhi lisitoroke. Lakini Chalbi iko chini, tena karibu na Ikweta, kiasi cha digrii 3 kaskazini. Usiku wake hupoa, ila mara nyingi hubaki wa vuguvugu, na mgeni aliyebeba blanketi tatu huishia kuzilalia. Kipimajoto ndicho kiamuzi. Ziara ikimfundisha mwanafunzi kuihoji hata sentensi ya kitabu chake kwa kipimo cha kweli, imekwisha kulipa nauli yake.

Hesabu ya maji

Hakuna sehemu ya ziara inayopuuzwa kama hesabu ya maji, na hakuna inayoweza kuleta msiba upesi kama hiyo. Msafiri atarajie kutoka jasho asilolihisi, kwa kuwa katika hewa kavu jasho hugeuka mvuke kabla halijatiririka. Shati hubaki kavu, na mwenye shati hudhani kwamba hapungukiwi na kitu. Mtu afanyaye kazi juani anaweza kupoteza lita moja na zaidi kwa saa.

Jasho hilo halipotei bure. Lita moja ya jasho ikigeuka mvuke huondoa kiasi cha kilojuli 2,400 za joto. Mwili wa mwanafunzi wa kilo 60 huhitaji kilojuli 210 hivi ili upande digrii moja. Gawanya, na jibu ni kwamba lita moja ya jasho huondoa joto ambalo lingaliupandisha mwili kwa digrii 11. Mwanadamu hufa mwili wake ukipanda digrii chache tu. Hesabu hiyo, ifanyike ubaoni kabla ya safari, itawanyamazisha wale wanaodhani kwamba kuvumilia kiu ni ushujaa.

Sasa ichukuliwe shule inayopeleka watu 24 kwa siku 3. Wakipangiwa lita 8 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa, ni lita 192 kwa siku, na lita 576 kwa siku 3. Ikiongezwa akiba ya siku moja, kwa sababu gari huharibika, jumla ni lita 768. Maji hayo yana uzito wa kilo 768, yaani zaidi ya robo tatu ya tani, mbali na madumu yake. Basi lililokwisha kujaa watu na mizigo haliwezi kuyabeba. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mwalimu amwulize mwenye ziara lihusu gari litakalobeba maji. Habari za kambi na chakula zije baadaye. Akijibiwa kwamba maji yatapatikana njiani, asitie sahihi mkataba huo.

Yapo mambo mengine ambayo mwongozaji anayejua kazi yake huyasema kabla ya kuondoka, na msafiri atarajie kuyasikia. Magari yawe mawili au zaidi. Matairi ya akiba, jeki na koleo viwepo. Chumvi ya mwili hupotea pamoja na jasho, hivyo chakula chenye chumvi ni lazima. Mtu akipatwa na kizunguzungu, kichefuchefu au maneno yasiyoeleweka, apelekwe kivulini mara moja, aloweshwe maji na kupepewa, huku msaada wa tabibu ukitafutwa. Na gari likikwama, hakuna aondokaye kwenda kutafuta msaada kwa miguu: gari lina kivuli na maji, nalo huonekana kutoka mbali kuliko mtu. Mwongozaji asiyeyasema hayo ni dereva tu, ajapovaa kofia ya mwongozaji.

Maarifa ya wenyeji

Katika Chalbi wanaishi Wagabra, wafugaji wa ngamia, mbuzi na kondoo. Kusini mwa jangwa wako Warendille, nao ni wafugaji wa ngamia. Ziara nyingi huwaonyesha wageni nyumba zao na mavazi yao, kana kwamba watu hao ni sehemu ya mandhari. Hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote linapotendeka, kwa maana wataalamu wa jangwa wameonyeshwa kama mapambo ya jangwa.

Mfano ni ngamia wao. Mgeni hudhani kwamba nundu ni tangi la maji. Nundu ni mafuta. Siri ya ngamia ni nyingine, nayo ilichunguzwa katika miaka ya 1950 na mwanasayansi Knut Schmidt-Nielsen katika Sahara ya Algeria. Ngamia aliyekosa maji huuacha mwili wake upate joto mchana, kutoka digrii 34 hivi alfajiri hadi zaidi ya 40 alasiri, badala ya kutoa jasho ili aupoze. Kwa ngamia wa kilo 500, akiba hiyo ni zaidi ya lita 4 za maji kwa siku, na mwanafunzi anaweza kuikokotoa kwa njia ile ile iliyotumika juu ya mwili wake mwenyewe. Akifika kisimani, ngamia mwenye kiu hunywa zaidi ya lita 100 kwa dakika chache. Mfugaji hakungoja maabara ili ajue ni siku ngapi mnyama wake anaweza kukaa bila maji. Mwendo wake wote kati ya malisho na visima umejengwa juu ya ujuzi huo.

Kuhamahama nako kulidhaniwa zamani kuwa ni kutangatanga kwa watu wasio na mpango. Mradi wa utafiti wa nchi kavu ulioanzishwa na UNESCO na UNEP mwaka 1976 katika eneo la Marsabit ulionyesha kwamba mimea iliharibika zaidi pale mifugo ilipojikusanya mahali pamoja, kandokando ya makazi ya kudumu na vituo vya maji. Malisho ya mbali yaliyotembelewa kwa msimu yalikuwa na nafasi ya kupumzika. Kuhama kumbe ni mbinu ya kuitunza ardhi.

Ipo pia kalenda. Wagabra huhesabu mwaka wa siku 365, na kila mwaka huitwa kwa jina la siku ya juma ambayo mwaka huo umeanza. Kwa kuwa siku 365 ni majuma 52 na siku moja, mwaka unaofuata huanza siku moja mbele, na baada ya miaka 7 majina hurudia. Mzee anaweza kuutaja ukame wa zamani kwa jina la mwaka wake na kwa mzunguko wake, bila karatasi. Mwalimu wa hisabati atakayeliweka jambo hilo mbele ya darasa hatahitaji mfano mwingine wa masalio ya kugawanya.

Usiku ukiingia, mgeni atake aonyeshwe nyota. Nyota ya Kaskazini, inayosifiwa sana katika vitabu vya mabaharia wa Ulaya, hapa iko digrii 3 tu juu ya upeo wa macho, na vumbi huifunika. Mwongozaji hutumia nyota nyingine, na Kilimia, ambacho wakulima wa pwani walikitazama ili wajue majira ya kulima, huonekana hapa bila taa yoyote ya mji kukififisha. Hapo mwanafunzi wa Mombasa au Tanga hugundua kwamba babu yake na babu wa Mgabra walikuwa wakisoma kitabu kimoja.

Kisima si bomba la hoteli

Kandokando ya Chalbi, kama vile Kalacha, Maikona na North Horr, maji yaliyozama milimani hutokeza tena chini, na mikoma huota. Watalii hupenda kupiga kambi hapo, na si vibaya. Lakini msafiri atarajie kukuta foleni ya wanyama, na zamu zilizopangwa na wenyeji kabla yeye hajafika. Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu 5 mfululizo ya mvua ilishindwa kaskazini mwa Kenya, na mifugo ikafa kwa wingi. Kwa watu waliopita katika msiba huo, dumu moja la maji si jambo la kuombwa kwa mzaha. Ziara yenye adabu hubeba maji yake, huomba ruhusa kabla ya kugusa kisima, na hulipa inapopaswa kulipa. Haioshei gari hapo. Ziara isiyofanya hivyo huwafundisha vijana kwamba mwenye fedha hana zamu, na somo hilo huingia haraka kuliko fizikia.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba shule nyingi haziwezi kuimudu safari ya Chalbi. Ni kweli. Lakini hoja iliyoelezwa hapa haiishii Chalbi. Shule iliyo Dodoma ina nchi kavu yake. Shule iliyo Shinyanga ina wafugaji wake. Palipo na mwenyeji anayejua ardhi, na mwanafunzi mwenye kipimajoto na daftari, ziara ya namna hii inawezekana hata kwa miguu.

Wengine watasema kwamba kaskazini mwa Kenya kumewahi kuwa na wizi wa mifugo wa kutumia silaha na hatari za njiani. Hilo nalo ni kweli, na halifichwi. Ndiyo sababu safari isianze bila kuwauliza watawala wa mahali na wenyeji juu ya hali ya njia wiki hiyo hiyo. Mwongozaji mwenyeji hupata habari hizo upesi kuliko ofisi iliyo mbali.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kwamba mwongozaji mfugaji hana shahada, na kwamba kumwita mwalimu ni kuishusha sayansi. Wenye hoja hiyo wanasahau kwamba sayansi haiulizi cheti cha msemaji. Huuliza kama neno lake linaweza kupimwa. Mwongozaji akisema kwamba ganda la rangi fulani halibebi gari, neno hilo hupimika. Akisema kwamba kichaka fulani huonyesha maji ya karibu, hilo nalo hupimika. Akikosea, asahihishwe kwa heshima, kama wanasayansi wanavyosahihishana. Fuvu mashuhuri la zamadamu lililopatikana Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, mwaka 1972, kwanza lilikadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 2.6, baada ya mabishano ya miaka kadhaa na vipimo vipya vya majivu ya volkano, umri wake ulirudishwa hadi karibu miaka milioni 2. Fuvu hilo lilionwa kwanza na Bernard Ngeneo, Mkenya mwenye jicho lililozoea kuisoma ardhi, kabla wenye shahada hawajaliandikia makala. Hakuna aliyeshushwa kwa hayo. Ujuzi ndio uliopandishwa.

Yafaa basi mambo manne yatendeke. Mkataba wa ziara umtaje mwongozaji na kazi yake ya kufundisha, wala usitaje magari na vyakula pekee. Malipo yake yalingane na kazi hiyo. Kila kundi la wanafunzi liache nakala ya vipimo vyake vya joto, upepo na kimo katika shule ya sekondari iliyo karibu na jangwa, ili miaka ikipita wanafunzi wa huko wawe na kumbukumbu ya mahali pao. Na taarifa ya safari iandikwe kwa Kiswahili na kupelekwa kwa mwongozaji mwenyewe aisome, aisahihishe na aikosoe.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwanafunzi atakayerudi kutoka Chalbi na picha arobaini na swali moja tu, amepata kidogo. Atakayerudi na picha moja na maswali arobaini, huku akijua nani wa kuulizwa na namna ya kuyapima majibu, huyo amefika jangwani.